Dada, Tuweke Misumeno Mingapi?

Wiki hii nilipanga tumalizie lile suala la wifi anayekuhesabia vijiko vya sukari jikoni kwako mwenyewe. Imeingia barua kutoka Kipatimu, kule kwenye vilima vya Matumbi, wilaya ya Kilwa, nimeisoma mara tatu nikicheka peke yangu. Wifi atasubiri. Anaandika hivi:

"Dada, shikamoo. Mume wangu ana msumeno wa mnyororo mmoja mzima na mwingine mbovu uko uvunguni. Pesa ya korosho imeingia, sasa anataka kununua wa tatu, eti tusije tukakwama. Sisi tunakata kuni za hapa nyumbani na za mama mkwe, zikizidi namuuzia mama ntilie mmoja pale senta. Mwanetu wa kwanza, yuko darasa la sita, naye ameshajua kuuwasha. Mimi naona mmoja unatosha, mwenzangu anasema sijui mambo ya mashine. Niambie ukweli, tuweke mingapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Tangu nianze kujibu barua nimeulizwa idadi ya watoto, idadi ya vitenge vya sare, na kuna bwana mmoja aliniuliza idadi ya wake, huyo sikumjibu. Misumeno ndiyo mara ya kwanza. Lakini umebisha hodi penyewe, maana nimekulia nyumba yenye misumeno mitatu. Nitakusimulia.

Kwanza tuliweke sawa hili la kutojua mambo ya mashine. Mwambie shemeji, tena kwa upole, akiwa ameshiba, kwamba msumeno wa mnyororo ulianzia kwa wazazi. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walikuwa na kijimsumeno cha mkono, mnyororo mwembamba wenye meno, huku kishikio na huku kishikio, wa kukatia kiungo cha mifupa ya kinena mama akishindwa kujifungua. Enzi hizo kumpasua mama tumbo ilikuwa ni sawa na kumuaga. Huu wa magogo ulikuja baadaye sana. Mjerumani Andreas Stihl mwaka 1926 alitoa msumeno wa umeme uliotaka watu wawili kuushika. Kwa hiyo sisi tuliujua mnyororo huo mwilini kabla wao hawajauweka begani. Tuendelee.

Toka nje ukauangalie uchaga wako wa kuni. Kuni za nyumba nyingi za Kipatimu hazitokani na miti ya kuangusha. Zinatoka shambani: matawi ya mikorosho yaliyopogolewa baada ya mavuno, mchungwa uliokauka, mwembe uliolazwa na upepo. Sehemu kubwa ya hizo unazimaliza kwa panga na goti. Yanayobaki ni magogo, na hapo ndipo msumeno unapopata kazi. Sasa kazi yenyewe ni ya muda gani? Msumeno wa ukubwa wa kati, ulionolewa vizuri, lita moja ya mafuta inaisha kwa saa moja hivi ya kukata mfululizo. Shina la mkorosho mzee lililolala chini, ukianza asubuhi, jua la saa nne halijachoma limeshakuwa vipande vya urefu wa mkono.

Halafu vipande hivyo vinakaa uani wiki mbili. Vinamngoja nani? Mtu mwenye shoka. Msumeno unakata, hauchanji. Wala haubebi, wala haupangi uchagani, wala hauanui kuni mvua ikitishia. Kazi iliyobaki yote ni ya shoka na shingo, na sitakuuliza ni shingo ya nani. Ukiongeza msumeno wa pili kwa ajili ya kuni za nyumbani unaharakisha palepale ambapo hakukuwa na ucheleweshaji. Kama pesa ya korosho inamwasha shemeji, kuna shoka zuri lenye mpini usiocheza, na kuna toroli. Toroli, mdogo wangu! Sijui kwa nini hakuna mwanamume anayeota toroli.

Sasa hiyo misumeno mitatu ya kwetu. Ilikuwa ya baba yangu mdogo, Mungu amrehemu. Wa kwanza ulikuwa mzuri kweli. Siku moja kukawa na msiba kwa jirani, wanaume wamekusanyika kukata kuni za kupikia watu, baba mdogo akatokea nao kifua mbele. Akavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Akavuta tena, akavuta mpaka shati likaloa mgongoni. Kimya. Mzee mmoja akaokota shoka, akasema "Bismillahi", akaanza kukata. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kama wangecheka. Mwezi ule ule akanunua wa pili.

Kumbe ule wa kwanza haukuwa na ugonjwa. Ulikuwa na petroli iliyokaa tangini toka Ramadhani mpaka tukachinja mbuzi wa Idi ya pili, ikageuka utomvu ndani ya kabureta. Mafuta yaliyochanganywa na oili hayatunziki kama asali. Lakini nani atasafisha kabureta wakati kuna mpya? Wa kwanza ukawekwa kando, na mashine hii ikiwekwa kando ndiyo inaugua zaidi. Vile vijipira vya ndani vinakakamaa. Plagi yake ikahamia kwa wa pili. Kamba ikafuata. Wa pili nao ulipoanza kusumbua akanunua wa tatu ili auokoe ule wa pili, ukiweza kuelewa hesabu hiyo. Nilipomaliza darasa la saba kulikuwa na misumeno mitatu ghalani na sisi tukawa tunaazima wa jirani.

Kwa sababu hiyo mimi msumeno ambao hauwashwi angalau mara moja kwa mwezi siuhesabu. Wako wa uvunguni si msumeno, ni chuma kinachonukisha petroli chumba mnacholala.

Tena ile barua yako ina neno moja ambalo ningelishika kama ningekuwa wewe: tusije tukakwama. Shemeji amekwama lini? Muulize, lakini usimuulize mbele ya rafiki zake wa kijiweni, wala usiulize kwa sauti ile ya "nilikwambia". Nina hakika kuna siku. Huenda ni msibani, huenda ni kazi ya mtu aliyoahidi akashindwa, huenda ni mama yake mwenyewe aliyesema neno kuhusu kuni mbichi. Mwanamume hanunui mashine ya tatu kwa sababu ya kuni. Ukiipata siku hiyo, mtazungumza jambo lenyewe, na duka la misumeno litabaki pale pale mjini.

Mkishaelewana, hiyo pesa ya wa tatu nusu yake haitatumika ukiigeuza kuwa hivi: minyororo miwili ya akiba, tupa ya mviringo inayoingia sawasawa kwenye meno ya mnyororo wenu (siyo tupa ya kunolea jembe, tafadhali), plagi, kamba ya kuwashia, filta ya hewa. Vyote vinaingia kwenye kopo la maziwa. Kopo hilo ndilo msumeno wenu wa pili. Wa Kilwa hamhitaji kukumbushwa ya Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, siku kadhaa magari hayapiti. Siku kama zile miti imelala na vipuri viko ng'ambo ya maji. Mwenye misumeno miwili isiyo na mnyororo mkali ni sawa na asiye nao, na mwenye mmoja na plagi mkononi anafuatwa na kijiji kizima.

Mafuta nayo yana kipimo chake. Petroli lita 5 kwa oili ya 2T mililita 100, yaani 50 kwa 1, ndicho kipimo cha misumeno mingi ya sasa. Ipo inayotaka oili zaidi, kwa hiyo asomewe kile kitabu kilichokuja na mashine kama bado hakijafungiwa karanga. Achanganye ya wiki hiyo tu. Ukijua hamtakata kwa mwezi mzima, tangi limwagwe, kisha uwashwe uungurume mpaka ujizime wenyewe kwa njaa.

Na wewe unayeambiwa hujui mashine nakupa siri ambayo mafundi wanadhani ni yao. Huhitaji kuugusa mnyororo ili ujue kama umekuwa butu. Angalia unachotema. Mnyororo mkali unatema vipande, vijibanzi vinavyoonekana kwa macho, ukiviokota vinakaa kiganjani kama maganda ya karanga. Mnyororo butu unatema unga, mwembamba kama wa muhogo, unapaa na kumwingia mkataji puani, na yeye anaanza kuusukuma msumeno kwa tumbo. Ukiuona unga kutoka hapo jikoni ulipo, piga kelele asimamishe. Anachoma petroli bure, anauchosha mnyororo, na mkono uliochoka ndio unaoteleza.

Mara nyingi kosa ni udongo. Mnyororo ukigusa ardhi kwa kupepesa jicho tu, ukali umekwenda. Gogo liinuliwe kwanza, liwekewe kigogo kidogo chini. Kisha akae kunoa, na kunoa ni kazi ya kupendeza kutazama mtu anapoijua. Namkumbuka fundi mmoja aliyekuwa akija kwetu: anaubana msumeno kwenye ufa wa kisiki, anaweka chaki kwenye jino la kuanzia asije akapotea, tupa anaisukuma mbele tu, harudishi, mara tatu, krr, krr, krr, anaruka jino moja, la pili yake mara tatu, maana meno yameelekea kulia na kushoto kwa zamu. Akifika kwenye chaki anahamia upande wa pili na kuanza upya. Haongei wakati huo. Ukimsemesha anapoteza hesabu, jino moja linabaki refu, na msumeno utakata ukienda upande kama mbuzi anayevutwa sokoni.

Shemeji atakwambia: na msumeno ukibanwa kwenye gogo, nitautoa kwa nini kama sina mwingine? Hoja hiyo naiheshimu, nimeisikia kwa watu wazima na akili zao. Jibu lake ni kabari. Kipande cha mti mgumu kilichochongwa, kinagongwa kwenye mkato kabla haujajifunga, gogo linaachia. Kabari mbili na shoka vilishatoa misumeno mingi iliyobanwa, na kabari haili mafuta.

Nisimwonee shemeji lakini. Wapo ambao miwili ndiyo halali yao. Mtu anayeitwa kuondoa mikorosho mikongwe ili watu wapande mbegu mpya, anayepasua magogo makubwa leo na kesho yuko juu ya matawi, huyo anahitaji mkubwa wa mashina na mdogo wa matawi, kwa sababu ule mkubwa ukikaa nao kwenye matawi mchana kutwa jioni hata kijiko cha uji hukiinui. Angalia nilivyosema: mkubwa na mdogo. Siyo miwili iliyofanana kama pacha. Mtu huyo pia ana daftari. Anajua ameingiza nini, ametumia nini kwa petroli, na msumeno ulijilipa mwezi gani. Kama shemeji anataka kuwa mtu huyo, basi daftari litangulie, msumeno ufuate. Kumuuzia mama ntilie mmoja matita yaliyozidi si biashara, ni ujirani mwema wenye chenji.

Na hata huo ujirani uuangalie. Nchi nzima inasukumwa iachane na kuni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameihamia ifikapo 2034. Mama ntilie wako anaweza kununua mtungi wa gesi kabla msumeno wa tatu haujarudisha pesa yake. Wewe mwenyewe jenga jiko banifu, uone hayo matita yanavyokawia kuisha.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hawalitaji wanapohesabu misumeno. Msumeno wa mnyororo si jembe. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanataka usajiliwe, na ukivuna mazao ya msitu kwa kuuza unahitaji kibali, ukiyasafirisha unahitaji hati ya kusafirishia. Kilwa hasa ni wilaya ambayo watu wake wanaijua thamani ya mti mmoja mmoja. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002 vijiji vinaweza kutenga msitu wao na kuusimamia, na vijiji vya Kikole na Kisangi, humo humo wilayani kwenu, mwaka 2009 msitu wao ulipata cheti cha kimataifa cha FSC, wa kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mpingo wao unakwenda kutengenezewa zumari za wazungu. Sasa fikiria kisiki kibichi cha mninga kimeonekana msituni Jumatatu asubuhi na hakuna aliyeomba kibali. Kamati ya maliasili itaanza kubisha hodi kwa nani? Kwa yule mwenye panga, au kwa yule anayejulikana kijiji kizima kuwa ana misumeno mitatu na mama ntilie mmoja?

Msumeno mmoja, wenye karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni ukutani, unajibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Najua utasema, Dada, kumwambia ni rahisi kwako uliye mbali. Mdogo wangu, wewe ni mtu wa Matumbi. Nandete si mbali na hapo mlipo, ndiko wazee wenu Julai 1905 walikoing'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Majimaji vikaanzia hapo. Watu waliokataa pamba ya serikali yenye bunduki hawashindwi kukataa msumeno wa tatu kwa mtu anayekula ugali wao. Ila wewe usiende kwa vita. Nenda na kopo la maziwa, lipange vile vipuri mbele yake, mwambie hiki ndicho kitakachokufanya usikwame tena msibani. Akiona heshima yake iko ndani ya kopo atalibeba mwenyewe.

Nimeliacha la mtoto mpaka mwisho kwa sababu wewe ulilitaja kama unataja hali ya hewa. Darasa la sita, ameshajua kuuwasha. Umeandika kwa fahari, nimeisikia. Sasa nisikilize. Ncha ya juu ya ule upanga ambao mnyororo unauzunguka ikigusa tawi au gogo jingine wakati mnyororo unakimbia, msumeno wote unaruka juu na nyuma, kuelekea shingoni na usoni kwa aliyeushika. Unaruka kabla jicho halijapepesa. Mtu mzima mwenye kilo themanini na viatu vya ngozi anaweza asiuzuie. Mtoto mwenye ndala hauzuii. Siku hizi misumeno ina breki ya mnyororo, ile ngao ya mbele ya mkono, lakini nimeona mingi ambayo ngao hiyo ilishavunjika na mwenyewe anasema haina kazi. Kaiangalie ya kwenu leo. Kama imevunjika, hicho ndicho kipuri cha kwanza kununua, kabla ya mnyororo, kabla ya tupa. Na shemeji mwenyewe avae miwani, suruali nzito na viatu vilivyofunika vidole. Masikio azibe, maana wazee wengi wa kazi hii ukiwasalimia wanakujibu habari za mvua.

Mtoto akae mbali kabisa msumeno unapounguruma. Ukishazimwa, aje aokote vipande, ajifunze kupanga uchaga: vinene chini, vyembamba juu, upepo upite katikati.

Basi, mmoja. Ule wa uvunguni mpelekeeni fundi kabla ya masika. Ukipona uuzeni kwa jirani anayeazima wenu kila Jumamosi, usipopona fundi achomoe kinachofaa na mabaki yaende kwa wanunua vyuma chakavu. Kitanda kitapata hewa. Na ukimaliza kuniandikia majibu ya shemeji, niandikie pia kama ile ngao ya mkono ipo.

Wifi na sukari yake, wiki ijayo.